Koti Langu Lilikwenda Ulaya Kukagua Vyuo

Vijana wangu, nyie mnaoanza kazi ya kukagua vyuo vikuu mwezi huu, nawasalimu kutoka Goba, ninakofuga kuku na kugombana na jirani kuhusu mpaka. Katibu wenu aliniletea barua akiniomba niwaandikie kurasa chache. Anataka niwaeleze kwa nini kila nchi ina namna yake ya kusimamia ubora wa elimu ya juu, kwa nini huku serikali inaingia chuoni na fomu yake na kule vyuo vinakaguana vyenyewe. Nadhani alitegemea nitawachorea visanduku na mishale. Kuchora sijui. Nitawasimulia habari za koti, na mkiona nachelewa kufika kwenye swali lenu, nivumilieni, ndiko ninakokwenda.

Niwaambie mapema jambo moja, msije mkasema mzee alituficha. Mimi ni mtu wa wivu. Nilizaliwa Temeke, na nyumbani walikuwa wakisema mtoto huyu akiona mwenzake kapewa andazi kubwa, la kwake halipiti kooni. Sijabadilika sana. Juzi jirani alipaka nyumba yake rangi na mchana ule usingizi haukuja.

Kazi niliianza kabla watu binafsi hawajaruhusiwa kuwa na vyuo. Zamani hizo vyuo vyote vilikuwa vya serikali, ofisi yetu ya serikali, na mkuu wa chuo unayekwenda kumkagua alisoma darasa moja na mkurugenzi wako. Unafika, unapewa chai na vitumbua, unahesabu viti, unaondoka. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Watu wakaruhusiwa kuleta mitumba, kuleta televisheni, kufungua baa, na mwisho wake kufungua vyuo. Meza yangu ikajaa maombi ya vibali kutoka Kibamba, Mbagala, Mbezi Beach. Kuna mmoja chuo chake kilikuwa juu ya duka la vipuri vya magari, na mhadhiri alilazimika kunyamaza kila fundi alipogonga chuma. Mwingine aliandika kwenye fomu kwamba ana uwanja wa michezo. Nilikwenda nikakuta uwanja ni wa shule ya msingi iliyo jirani, na watoto walikuwa humo wanacheza.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Rajabu, mkaguzi wa shule tangu ujana wake, mtu mfupi mwenye penseli sikioni. Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Usimwulize mkuu wa chuo ana wanafunzi wangapi, nenda jikoni umuulize mpishi anasonga ugali wa kilo ngapi. Bomba ufungue mwenyewe. Kiti ukigeuze uangalie chini, maana kiti kinachokaliwa na wanafunzi hakikosi ubani wa kutafuna uliobandikwa, na kisicho na ubani kimeletwa asubuhi ile.

Ila somo lake kubwa lilihusu vitabu. Chuo kilitakiwa kuwa na maktaba iliyojaa, na vitabu vilikuwa adimu, basi wakuu wa vyuo wakaanza kuazimana. Leo vitabu viko Mbagala, mwezi ujao viko Mbezi Beach, havina muhuri wa mtu, na ukiuliza unaambiwa muhuri bado unachongwa.

"Athumani," aliniambia Mzee Rajabu, "we chukua penseli. Kila kitabu cha kumi, fungua ukurasa wa kumi na saba, weka alama ndogo ya vema hapa chini kwenye kona. Usimwambie mtu, hata mkurugenzi. Siku kitabu kikikutana nawe kwingine, mtasalimiana."

Kwa vema ile nilinasa vyuo vitatu. Mzee Rajabu alipostaafu nikabaki peke yangu na siri hiyo, nikajiona mimi ndiye ofisi.

Hapo ndipo akaletwa Leokadia. Alikuwa binti wa Bukoba, ametoka chuo kikuu, ana lafudhi ya kwao na daftari jekundu. Mkurugenzi akanikabidhi nimfunze, nikamfunza: jikoni, bomba, viti. Ya vema sikumwambia. Safari yetu ya kwanza tulikwenda chuo kimoja cha Temeke, nami nikaanza kugeuza viti. Yeye aliketi mbele ya mkuu wa chuo, akafungua daftari, akauliza:

"Mzee wangu, kitu gani kinawashinda hapa?"

Nilitaka kucheka. Nani atamjibu mkaguzi swali kama hilo? Yule bwana alimtazama kidogo, kisha akaongea saa nzima. Aliongea habari za paa, za mhadhiri mlevi, za vyoo. Tuliporudi ofisini nikamwambia Leokadia kwamba mkaguzi haongei sana, anahesabu. Akasema, "Sawa, kaka Athumani." Lakini moyoni nilijua kwamba katika saa moja ile amepata mambo ambayo mimi kwa viti nisingeyapata mwaka mzima. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Sasa koti. Ilikuja barua kwamba ofisi yetu itoe mtu mmoja aende nchi tatu za nje akatazame wenzetu wanavyokagua vyuo vikuu. Mkubwa kwa miaka ya kazi nilikuwa mimi. Sikusubiri kutangazwa. Jumamosi nilikwenda Manzese kwenye mitumba, nikapekua marobota mpaka nikapata koti jeusi la sufu, refu hadi magotini, lenye vifungo vikubwa na mfuko wa ndani. Nililijaribu nyumbani Tandika saa saba mchana. Mke wangu, Mama Mwajuma, alikaa kwenye ngazi ya uani akanitazama jasho linavyonitiririka.

"Baba Mwajuma, unakwenda kukagua vyuo au unakwenda kuzikwa?"

"Huko kuna baridi, wewe hujui."

"Na wewe umeijulia wapi?"

Jumatatu mkurugenzi akatangaza kwamba anakwenda Leokadia. Akanigeukia kwa upole kabisa. "Bwana Athumani tunamhitaji hapa. Hakuna anayeijua fomu kama yeye." Watu wakanipigia makofi. Sijawahi kusifiwa vibaya namna ile.

Siku mbili kabla ya safari Leokadia alikuja Tandika kutuaga. Alikuwa na kijisweta cha shule, cha rangi ya bluu, ndicho alichokuwa nacho. Mke wangu akamuuliza kama huo ndio mzigo wake wa baridi. Kabla sijanyanyuka kitini, kabati limeshafunguliwa, koti limeshatoka, binti ameshavikwa na anageuzwageuzwa katikati ya chumba.

"Limekukaa, mdogo wangu. Kwetu hapa linaliwa na nondo tu."

Basi vijana, koti langu likapanda ndege, mimi nikabaki Temeke. Wiki sita zile nilikuwa nikipita uwanja wa ndege kwa makusudi, natazama juu. Nilikuwa na roho ya kwa nini, kama tunavyosema mjini: kwa nini yeye, kwa nini si mimi. Nilimwombea arudi bila la kusema.

Alirudi na mengi ya kusema. Tuliketi chumba cha mikutano, mkurugenzi na kamati nzima, naye akasimulia nchi moja baada ya nyingine. Nawapa kama alivyotupa, maana ndilo swali lenu, na sijasikia mtu aliyelieleza vizuri zaidi, ingawa kusema hivyo kunanichoma.

Nchi ya kwanza, alisema, wizara ndiyo inayokagua kila kitu, mpaka mtaala. Aliuliza sababu, wakamwambia kule serikali ndiyo iliyojenga vyuo, ndiyo inayolipa walimu, na profesa ni mtumishi wa umma kama polisi. Hakuna anayeshangaa mwenye nyumba akiingia chumbani. Nchi ya pili mambo ni kinyume. Vyuo vilitangulia, vikajengwa na makanisa na matajiri, serikali ikaja kuvikuta. Ikitia mguu wanaipigia kelele. Basi vyuo vyenyewe vimeunda chama, vinatembeleana, kila chuo kinaandika kwanza upungufu wake kwa mkono wake, halafu wahadhiri wa vyuo vingine wanakuja kutazama kama kimesema kweli. Ya tatu ni nchi ndogo. Ina vyuo vichache na watu wote ni mashemeji, mtu akimkagua mwenzake wanakosana mpaka msibani. Wao wanaita wakaguzi kutoka nje.

"Na sisi je?" mkurugenzi akauliza.

"Sisi tulikuwa kama nchi ya kwanza," Leokadia akasema, "lakini sasa vyuo vinavyozaliwa si vyetu. Fomu yetu inahesabu viti vya mtu ambaye anajua siku tutakayokuja. Naomba tujaribu kuwauliza wenyewe."

Wakati anasema hivyo nilikuwa natazama koti, lilikuwa kwenye mgongo wa kiti chake, alikuja nalo anirudishie. Nyumbani nilipekua mifuko. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na tiketi ya treni ya huko, kipande kidogo cha karatasi ya kijani. Niliinusa. Mama Mwajuma alinikuta nafanya hivyo, akageuka akatoka.

Kamati ilikubali jaribio. Vyuo vitano vilivyoomba kibali cha kutoa shahada vikaambiwa kila kimoja kiandike ripoti juu yake chenyewe, yenye sehemu inayoitwa Upungufu Wetu. Leokadia alizunguka vyuo vyote akawaahidi kwa kinywa chake: atakayeandika ukweli hataadhibiwa kwa ukweli huo, kitakachopimwa ni mpango wake wa kujirekebisha. Fomu yangu ilibaki kama kiambatisho. Mimi nikateuliwa katibu, na kazi ya katibu ilikuwa kufupisha kila ripoti iwe ukurasa mmoja, kwa sababu wajumbe walikuwa watu wakubwa na hawasomi zaidi ya hapo. Hilo mlijue: katika kazi yetu anayefupisha ana nguvu kuliko anayeamua.

Ripoti nne zilikuwa maneno matamu. Ya tano ilitoka Kibamba, kwa Dakta Elinami, mzee wa Kipare aliyefundisha kemia maisha yake yote, akastaafu, akafungua chuo cha walimu wa sayansi kwenye shamba lake kando ya Barabara ya Morogoro. Ilikuwa na kurasa kumi na moja. Mbili za upungufu, tisa za namna atakavyoutengeneza. Bado naikumbuka. "Maabara yetu haina maji. Tunachota kisima cha jirani, na siku jirani akituchukia hakuna somo la kemia. Wahadhiri wa kudumu ni wawili, mimi na mke wangu, na mke wangu anaumwa mgongo. Vitabu vyetu vyote vinaenea meza moja." Halafu akaeleza nani atamchimbia kisima, wahadhiri gani wamekubali kuja na lini, vitabu gani vimeagizwa.

Leokadia alikuja nayo mezani kwangu anameremeta. "Kaka Athumani, soma. Mtu ameandika kweli tupu!"

Niliisoma. Ilikuwa ripoti nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwangu, na ilikuwa imeandikwa kwa ajili yake, kwa swali lake lile la kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia mimi kitu kama kile.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Mbezi Beach kuhesabu kwa ajili ya kiambatisho. Chuo kilikuwa na vigae vinavyoteleza na makabati ya vioo. Kitabu cha kumi nilichokitoa kilikuwa cha kemia, jalada la kijani lenye duara la kikombe cha chai. Nilikijua kabla sijakifungua. Tulikutana Mbagala. Ukurasa wa kumi na saba, kona ya chini, vema yangu ilikuwa inanisubiri. Mwenye chuo akaniuliza kama vinatosha. Nikasema vinatosha.

Sikupewa chochote, msifikiri hivyo. Niliandika "vitabu vya kutosha" kwa sababu nilitaka njia ya Leokadia ianguke. Nilitaka wajumbe waone kwamba ukimwuliza mtu juu yake mwenyewe utapata fujo, wamrudie Athumani na fomu yake. Na nilipofika kwenye ripoti ya Kibamba nikachukua kurasa mbili za upungufu, nikazipanga vizuri chini ya maneno "kama walivyokiri wenyewe". Zile tisa za matengenezo sikuziandika. Ukurasa ulikuwa mmoja, nilijiambia, nafasi haitoshi. Nafasi ilitosha.

Kikao kilikwenda haraka. Mbezi Beach, kibali. Walipofika Kibamba mjumbe mmoja alisoma kwa sauti habari ya jirani na kisima, wakacheka.

"Huyu amekiri mwenyewe," mkurugenzi akasema. "Sisi ni nani tumkatalie?"

Leokadia akasimama. "Mheshimiwa, tuliwaahidi kwamba..."

"Uliahidi wewe, dada. Serikali haiwezi kusaini chuo kisicho na maji."

"Ameeleza atakavyoyapata. Kurasa tisa!"

Mkurugenzi akageuza karatasi yake nyuma na mbele. "Mimi hapa sizioni."

Leokadia akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, na afadhali angefanya hivyo. Alinisubiri niseme. Vijana waliosoma Kibamba miaka miwili walikuwa wananisubiri pia, wale ambao bila kibali kile masomo yao yasingetambuliwa popote. Nikainama nikachonga penseli.

Baada ya siku chache Dakta Elinami alikuja ofisini, na shati lake la mikono mirefu limefungwa kifungo cha juu. Hakugomba. Aliweka barua ya kukataliwa mezani kwa Leokadia akasema, "Binti yangu, wewe uliniambia niandike."

"Nilikuambia, baba."

"Basi wanafunzi wangu nimewaambia kosa ni langu. Nimeandika sana."

Alipoondoka Leokadia alikuja mezani kwangu. "Muhtasari uliandika wewe, kaka?"

"Mie. Kwa kufuata fomu."

"Nimeelewa," akasema. Neno hilo moja tu, na hakuniita tena kaka. Kabla mwaka haujaisha alipata kazi katika ile nchi ya pili, ya vyuo vinavyokaguana, akaja kumuaga mke wangu. Safari hii koti alipewa kabisa, liwe lake. Wivu ulinishika upya pale mlangoni, na niliuona ni wa aibu, lakini ulinishika.

Mwaka uliofuata ofisi iliita tena ripoti, kwa sababu fomu ya ripoti aliyoitunga Leokadia ilikuwa imeshachapwa na kuitupa ni hasara. Zilikuja ripoti saba. Nikafungua ukurasa wa Upungufu Wetu wa kwanza: Hakuna. Wa pili: Hakuna. Kurasa zote saba, neno moja, limepigwa chapa katikati ya ukurasa mweupe. Habari za Kibamba zilikuwa zimezunguka mji mzima.

Hapo ndipo nilipojua jibu la swali la katibu wenu. Ni kweli inategemea nani alijenga vyuo na nani anavilipa, kama alivyotueleza Leokadia. Lakini fomu inasafiri kirahisi, mtu hurudi nayo kwenye mfuko wa koti. Kisichosafiri ni kile walichomfanyia huko kwao yule mtu wa kwanza aliyesema mabomba yake hayatoi maji. Nchi ambako alisaidiwa, leo vyuo vinajikagua. Kwetu alipofika nilikuwa mimi mlangoni.

Mojawapo ya zile ripoti saba ilitoka Kibamba.

Nilikwenda mwenyewe. Dakta Elinami alinipokea nje, nikamwamkia, "Shikamoo, Dakta," akaitikia "Marahaba" akanitangulia maktaba. Meza ile moja haikuwapo. Palikuwa na makabati matatu, yamejaa mpaka juu. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, na kwenye kumi nikatoa kitabu. Kemia, jalada la kijani, duara la kikombe cha chai.

Sikuwa na haja ya kukifungua, ila mkono umezoea. Vema yangu ilikuwa pale kwenye kona, imefifia kidogo.

"Kuna tatizo, Bwana Athumani?"

Nilimwuliza kama naweza kuona bomba la maabara. Alinipeleka. Nilipolifungua lilikohoa hewa, halikutoa kitu.

"Wamekata leo asubuhi," akasema, akitazama dirishani. Mtu huyu aliwahi kutuandikia mpaka hasira za jirani yake.

"Dakta," nikasema, "vile vitabu..."

"Hesabu, bwana. Nina vijana nje pale wamesubiri mwaka mzima kwa sababu yangu. Mara ya kwanza niliwapa nyie ukweli. Safari hii nimewapa vitabu."

Nilirudi maktaba nikahesabu mpaka kitabu cha mwisho. Nikaandika vinatosha, nikasaini, na Kibamba wakapata kibali chao. Wahitimu wake wanafundisha mpaka leo, wengine wazuri sana, na mmoja ni mwalimu wa mjukuu wangu.

Leokadia hutuma kadi kila mwaka, kwa mke wangu. Kuna moja yenye picha yake amesimama mbele ya chuo fulani, amevaa koti langu, amezeeka vizuri. Mama Mwajuma ameibandika sebuleni na mimi huipita nikiwa nimegeuza uso. Yeye hudhani namwonea Leokadia wivu wa safari, na zamani ulikuwa huo. Leokadia aliondoka akiwa amemjua Dakta Elinami wa zile kurasa kumi na moja, na ndiye anayemkumbuka. Mimi nimebaki na yule wa makabati matatu, ambaye nilimtengeneza mwenyewe kwa penseli.